Kulwa, Lile Donge Tumelipika

Kulwa,

Lile donge tumelipika. Nimeona nianze na hilo, usije ukalisikia kwa mtu mwingine, maana shangazi Minza unamjua mdomo wake. Tumelipika Jumamosi mchana, mimi na mume wako na mwanao Milembe, na tumelila lote. Hakikubaki hata kipande cha ukingo.

Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Siku ya kukuaga, mstari ulipofika kwangu, shangazi alinishika mabega akanigeuza. "Pacha hajiangalii akiwa amekufa," alisema. Nikageuzwa kama mtoto, nikapelekwa nje kwenye turubai, nikapewa maji. Kwa hiyo sikukuona. Kiseke nzima imekuona umelala, hata mwuza maziwa, mimi peke yangu sikukuona. Mimi nakuona ukiwa umesimama tu. Kwenye kioo cha kabati lako. Kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa. Kwenye ndoo ya maji nikiinama kuchota. Na kila ninapokuona umechoka, Kulwa. Una macho ya mtu aliyetembea kwa miguu kutoka mbali.

Kitu kimoja kingekuchekesha. Wale wanawake waliokuja kupika msibani walifungua kabati lako wakakuta kopo la maharage, wakayabandika. Yachemke, yachemke. Asubuhi mpaka jua la utosi, kuni zimeisha mara mbili, maharage magumu kama kokoto. Wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema marehemu ana neno moyoni, hataki kutuacha tule. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, najua kabisa kwamba yale ni maharage yako ya oveni, yale unayomwaga juu ya karatasi ili unga usivimbe ukiiva, umeyaoka na kuyaoka mwaka baada ya mwaka mpaka yamekuwa mawe. Nilitaka kuwaambia. Kicheko kikanipanda, nikajifunika kanga usoni, wakadhani nalia, wakanipiga piga mgongoni. Kisha nikawa nalia kweli.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukasema nibaki kidogo kwa ajili ya Milembe. Nani angekataa? Nikafunga chumba changu Mkolani, cherehani nikaifunika shuka, nikaja kwako na begi moja. Nilidhani wiki mbili tatu. Nguo zikaniishia, nikavaa zako. Zilinikaa sawasawa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mwuza maziwa aliponiona getini aliangusha kidumu. Mama mmoja wa jumuiya yenu alikatisha barabara asipishane na mimi. Hao niliwazoea. Mtu akishtuka, unamwambia "mimi ni Doto," anashika kifua, anakupa pole, anakwenda zake. Waliokuwa wananitisha ni wale wasioshtuka. Yule mbwa wa jirani, ambaye miaka yote nikija kukutembelea ananibwekea mpaka anakohoa, siku hizo alinyamaza. Alinifuata taratibu hadi mlangoni, akalala kizingitini na kichwa chake juu ya ndala zako, nami nimezivaa.

Na kulikuwa na lile donge la unga.

Nililikuta siku ya kwanza, nilipofungua friza kutafuta samaki. Lilikuwa chini kabisa, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo kama lako. Shemeji, mume wako, alikuwa nyuma yangu. "Hilo usiliguse," alisema. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Baadaye, tukiwa tumekaa, ndipo alipoeleza. Ulilikanda asubuhi ile ile. Ukaliweka lipumzike, ukasema kichwa kinakugonga, unakwenda kujilaza kidogo. Alirudiarudia hilo neno. Kidogo. "Alisema kidogo, shemeji." Hospitali walimwambia presha imepasua mshipa kichwani. Aliporudi nyumbani bila wewe, donge lilikuwa bado kwenye bakuli mezani, limefunikwa kitambaa, linakusubiri. Akalifunga kwenye mfuko wako wa nailoni, akajaribu kufunga fundo kama lako, akaliingiza friza.

Tangu hapo alilinda lile donge kama watu wanavyolinda mgonjwa. Umeme ukikatika, anaacha injini za boti anazotengeneza huko mwaloni Kirumba, wanakoshushia samaki, anakuja na pikipiki na gunia la barafu ya samaki nyuma, anaipanga kulizunguka donge pande zote. Nyumba yako ikanuka sangara. Mimi nadeki, yeye analeta barafu, hatusemezani. Siku nyingine anapiga magoti mbele ya friza, ameshika tochi, analitazama tu. Ulikuwa umelikandamiza kwa vidole vinne kabla ya kulifunika, na alama zake zilibaki juu.

Siku moja yeye akiwa kazini, nililitoa. Nisamehe. Niliweka vidole vyangu kwenye zile alama, juu ya nailoni. Viliingia, Kulwa. Vyote vinne. Vilitoshea kama vile mimi ndiye niliyezibonyeza. Nikalirudisha mbio, nikafunga friza, nikakaa sakafuni naangalia mkono wangu, sijui ni wa nani.

Kisha akaja Mama Jayesh wa dukani. Alikuwa kwa binti yake Nairobi muda wote huo, hakuwa na habari. Alisimama getini na mwavuli wake, akaita, "Kulwa! Jumamosi nataka pai yangu ya vitunguu. Ile isiyo na yai, weka malai tu, kama siku zote."

Nilipaswa kusema. Neno moja tu, mimi ni Doto. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe mtu ananitazama usoni bila hofu wala huruma. Alinitazama kama mtu mwenye kazi zake na watu wake. Nikasikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu: "Hakuna shida, mama. Jumamosi."

Nikaoka. Lile donge sikuligusa, nilikanda langu jipya. Nilikuwa nimekuona ukifanya tangu ulipoacha kazi jikoni kwenye ile nyumba ya wageni kando ya ziwa, ukaja na ujuzi wako na ule msemo wako kwamba pai ya Wazungu haina harufu mpaka ikutane na samli ya Kwimba. Kwa hiyo nikatumia samli ya nyumbani, ile yenye moshi. Vitunguu vyekundu, sufuria nzima, moto mdogo, nikavikoroga mpaka vikalainika, vikashuka, vikawa rangi ya asali. Nikamwaga juu yake malai, ile krimu ya maziwa, na chumvi. Harufu ikajaa sebuleni, ikatoka dirishani, ikashuka hadi kwenye mawe kule chini, majirani wakaacha kufua wakageuza shingo. Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kugeuza shingo.

Shemeji akaingia. Sikusikia pikipiki. Alisimama mlango wa jikoni na helmeti mkononi, na mimi nilikuwa nimeinama kwenye oveni, nimevaa kitenge chako cha kijani.

"Kulwa," alisema.

Hakushtuka. Aliliita jina lako kama mtu aliyetoka kazini na njaa. Na mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi, mdomo umefunguka, nataka kuitika. Sijui ningesema nini. "Abee," labda. Unaitikaga "abee" ukiwa jikoni. Kisha trei ikanichoma kidole, nikapiga kelele, na kelele ile ilikuwa yangu. Akatoka nje. Alikaa juu ya jiwe pale uani mpaka giza likaingia, hakula.

Mama Jayesh alipokuja kuchukua pai yake, walikuwa wameshamwambia dukani. Aliipokea kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" aliuliza. Jibu nitakupa wewe. Nilifikiri hivi: kama mimi nikiwa wewe, basi aliyekufa ni Doto. Na Doto nani angemlilia sana? Hana mume, hana mtoto, ana cherehani. Wewe ungebaki na nyumba yako na mtoto wako na harufu yako. Ilionekana hesabu nzuri. Niliifikiria kwa siku nyingi, na sikuogopa, na hilo ndilo linaloniogopesha sasa.

Shangazi Minza akafika kutoka Kwimba. Alikaa kwenye kiti chako, akavua viatu, akanywa chai, akasema bila kuzunguka, "Ng'ombe wa huyu baba walikuja kwetu. Mji hauachwi na jiko baridi. Mungu alitengeneza wawili kwa makusudi yake." Mume wako alitazama sakafu. Shangazi akasema anakwenda kwa ndugu zetu Nyegezi, Jumamosi atapita kuchukua jibu.

Nikasema nitafikiri.

Kulwa, nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa nasubiri Jumamosi tu.

Ni mwanao aliyenizindua, bila yeye kujua. Milembe, tangu msiba, alikuwa hajalia. Watu walimsifia, mtoto jasiri. Alikuwa ananisalimia shikamoo mama mdogo, anavaa sare yake, anakwenda shule. Ile siku nilipooka, nilimtengenezea pai ndogo ya kwake kwenye kisahani. Alikiangalia, akakisukuma. Ijumaa asubuhi, namchana nywele, amekaa katikati ya magoti yangu, akasema taratibu kabisa:

"Mama."

Nikaendelea kuchana.

"Mama, mama mdogo Doto amekwenda wapi?"

Kitana kilibaki hewani. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuambiwa jambo ambalo ameshalijua. Mtoto alikuwa ameshamaliza mambo yake kichwani. Mama amerudi, yuko hapa, anachana nywele, anapika. Basi aliyeondoka ni yule mwingine. Na alinililia, Kulwa. Sikio langu lilikuwa karibu na shavu lake, nilisikia pumzi inamkatika kidogo, kidogo tu, kwa ajili yangu.

Nilimfunga utepe, nikampeleka shule, nikarudi nikalala kitandani kwako na viatu miguuni.

Siku hiyo hiyo umeme ukakatika, na haukurudi. Shemeji akaleta barafu Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi ilikuwa imeshakuwa maji. Akatoka tena. Akazunguka Kirumba yote, akaenda mpaka Igombe, wenye mashine za barafu nao hawana umeme, hiyo kidogo waliyo nayo wanagombania wenye samaki. Alirudi mchana, gunia tupu begani, amelowa jasho. Akafungua friza. Akalitoa donge.

Lilikuwa limelegea. Alikaa sakafuni, amelipakata, na maji yanamchuruzika kwenye suruali. Zile alama za vidole zilikuwa zinafumba polepole, tunaziona kwa macho.

"Shemeji," nilisema, "tulipike."

"Likipikwa litaisha."

"Lisipopikwa litaoza."

Milembe alikuwa mlangoni, kidole mdomoni. Kisha mume wako akaninyooshea donge kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi mtoto mchanga, akasema, "Niambie nifanye nini."

Gesi ilikuwepo. Nikamwambia amenye vitunguu. Anamenya vibaya, Kulwa, nusu ya kitunguu inakwenda na maganda. Mimi nikakata. Na unajua mimi na vitunguu. Cha kwanza tu, macho yakawaka, cha pili machozi yanadondoka kwenye ubao, kamasi, kila kitu, napangusa kwa kiwiko naendelea. Wewe ulikuwa unakata kilo nzima huku unapiga umbea, macho makavu kama ya kinyonga.

Milembe akasogea. Akaniangalia sana. Akasema, "Mama halii kwenye vitunguu."

Nikaweka kisu chini.

"Ni kweli," nilimwambia. "Mama yako halii. Mimi ndiye ninayelia. Mimi ni mama mdogo, Milembe. Mimi ni Doto. Sijaenda popote."

Alinigusa shavu, akaangalia machozi kwenye kidole chake. Kisha akamgeukia baba yake, na swali likatoka ambalo tangu msiba hajawahi kuliuliza. "Na mama yuko wapi?"

Nilitaka kumsaidia shemeji. Nilitaka kusema mbinguni, kapumzika, maneno yale ya watu. Alinizuia kwa mkono wenye maganda. Akapiga magoti. "Mama alikufa, mwanangu," alisema. "Tulimzika. Wewe ulikuwepo, ulivaa gauni jeupe. Harudi."

Kulwa, alilia. Sitakuelezea alivyolia, wewe ni mama yake, haitakufaa. Alilia kifuani kwa baba yake pale sakafuni, na baba yake akalia, na mimi nikaendelea kukoroga vitunguu kwa sababu ulisema vikiachwa vinashika chini.

Donge lako nililisukuma mimi, kwa ile chupa yako. Nilisita kabla ya kuweka chupa juu ya zile alama. Nikaomba radhi kwa sauti. Kisha nikasukuma, likafunguka mviringo, likawa jembamba, likawa unga tu, Kulwa, unga mzuri. Milembe alitoboa kwa uma. Alijua pa kutoboa, ulikuwa umemfundisha. Tukamwaga juu ya karatasi maharage mapya, nikamwambia shemeji kwamba haya sasa yaandikwe jina, kisa cha msibani nikamsimulia, na mume wako alicheka. Kicheko kilitoka kikiwa na kutu. Mtoto akacheka kwa kumwona baba anacheka. Ilikuwa ajabu, macho yetu yote mekundu.

Tulipoitoa oveni ndipo shangazi akabisha hodi.

Aliingia, akaona meza, akaona pai. "Chapati yenye kuta," alisema, unamjua. Tulimkaribisha. Akanawa. Tukala wote wanne. Lilikuwa limeiva vizuri, Kulwa. Ukingo ulivunjika kama unavyopenda, vipande vipande. Mkono wako ulikuwa kwenye unga, wangu ulikuwa kwenye vitunguu, na ulimi ulitofautisha. Vitunguu vyangu vilizidi chumvi kidogo. Milembe alisema hivyo, na hakuna aliyemkemea.

Shangazi akafuta mikono. Akasema, "Haya. Jibu langu."

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Mume wako akanitangulia.

"Shangazi, huyu ni Doto," alisema. "Ni shemeji yangu. Mke wangu leo ndiyo nimemzika."

Shangazi alimwangalia, akaniangalia mimi. Nilidhani atafoka. Lakini alichukua yale makombo yaliyobaki kwenye trei kwa kidole, akayaweka mdomoni, akayatafuna muda mrefu. Ndipo nikaona kwamba na yeye amekonda. Alikubeba mgongoni wewe, mimi nilibebwa na mama. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa na upande wako.

"Basi," alisema. "Basi, wanangu." Akajifunika kanga.

Narudi Mkolani wiki hii. Wateja wamenisubiri vya kutosha, na kuna gauni la harusi nililiacha bila mikono. Milembe atakuwa anakuja kwangu shule zikifungwa, tumekubaliana na baba yake, na ameshachagua upande wa kitanda. Nguo zako nimezifua, nimezikunja. Nimechukua moja tu, na siyo ya kijani.

Sasa nikuage, maana sikukuaga. Kwaheri, Kulwa wangu. Kwaheri ya mtu aliyekuja nawe. Lala. Usiamke kwa ajili yetu, usizunguke, usikae kwenye vioo. Hapa tutaangaliana wenyewe.

Na nina ahadi. Miaka yote umeniringia ile nusu saa uliyonitangulia kuzaliwa, ukinituma maji, ukinituma dukani, ukisema, "Mimi mkubwa, wewe mdogo." Siku yetu ya kuzaliwa ikifika, nitakuwa nimekupita umri. Mwaka unaofuata nitakupita tena. Nywele hizi zitaanza mvi, mashavu haya yatashuka, na Milembe akiwa mtu mzima atanitazama ajue mama yake angezeeka vipi. Nitamwonyesha vizuri, sitaharakisha. Uso ni wetu wote wawili, nitautunza. Lakini akiniita, nitaitika kwa jina langu.

Mimi,
Doto